Kituo, Saba Hajibu

"Saba, Saba, jibu Kituo."

Kimya.

"Saba, Kituo hapa. Unanipata?"

Redio ilikoroma kidogo, kisha ikanyamaza tena.

Wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha dada huyu kidole kikiwa kwenye kitufe na yowe likimlia masikioni. Kama ulikuwa msibani, pole. Kama ulikuwa harusini, hongera. Kaa hapa nikudokeze mawili matatu, lakini haraka, maana kuna mtu shimoni.

Kazi yake ni kutuma walinzi katika hospitali kubwa. Hukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mapokezi, akiwa na simu nne, redio mbili na skrini kumi na mbili ukutani. Mgonjwa akitoroka, wageni wakishikana mashati, moshi ukinuka mahali, simu inamlilia yeye, naye anatuma watu. Redioni jina lake ni Kituo. Wapo madaktari waliozungumza naye miaka sita ambao wakipishana naye getini hawamjui.

Saba ni mlinzi namba saba. Na Saba, jambo ambalo hospitali nzima haikulijua, ni mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja, kitinda mimba wa nyumba. Sheria ya kazi inakataza ndugu wawili kuwa zamu moja. La kuvunda halina ubani, lakini hawa wawili walikuwa wamelifukiza la kwao miaka miwili bila mtu kunusa.

Asubuhi hiyo basi lilipinduka na majeruhi wakajaa mlango wa dharura. Walinzi karibu wote wakapelekwa huko. Saa nne kasoro ikaja simu kutoka wodi ya wazazi, ghorofa ya nne: mwanamume aliyefiwa na mke alfajiri amekataa kuondoka mlangoni. Kanuni inasema waende walinzi wawili.

"Niko ngazi za ghorofa ya tatu," Saba alimwambia kwenye chaneli ya pili, ile isiyorekodiwa, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imejaa makelele ya ajali. "Mtu amefiwa, si jambazi. Nitakwenda peke yangu."

Naye akajibu, "Nenda."

Neno moja tu. Dakika sita baadaye likaja lile yowe.

Simu ya kijani ikalia.

"Kituo! Amemsukuma!" Alikuwa Sista wa wodi ya wazazi, anahema kama aliyekimbizwa na nyuki. "Yule mwanamume amemsukuma mlinzi wako!"

"Amemsukuma wapi?"

"Shimoni! Kwenye lifti!"

Aliinua macho kwenye skrini ya ghorofa ya nne. Ukuta mweupe. Mafundi rangi walikuwa wameigeuza ile kamera mwezi uliopita, na hakuna aliyeirudisha.

"Umeona kwa macho yako, Sista?"

"Nimesikia yowe. Nimetoka, nimemkuta huyu kapiga magoti mlangoni mwa lifti, mlango uko wazi, lifti haipo. Sasa nani mwingine?"

Mlango ule. Kituo aliufahamu mlango ule. Mara tatu mwezi huo alikuwa ameandika kwenye daftari la matukio: mlango wa lifti, ghorofa ya nne, unafunguka wenyewe. Mara tatu Katibu wa hospitali alikuwa ametia saini pembeni: nimeona.

Alikuwa ameona. Basi.

Na hapo redio ndogo ikakohoa.

"Kituo."

Sauti ilikuwa nyembamba, kama inatoka chini ya mtungi. Lakini ilikuwa yake.

"Saba! Uko wapi?"

"Juu ya lifti. Giza. Kunanuka grisi." Akapumua. "Ulisema nenda. Nimekwenda mpaka mwisho wa safari."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi cha maji maji. Kituo alikijua kile kikohozi. Alikuwa amekisikia kwa wengine, kupitia redio hiyo hiyo, na alijua wengi wao walivyoishia.

"Unaumia wapi?"

"Miguu siisikii. Kifua ndicho kina maneno."

"Nani kakusukuma?"

"Hakunisukuma mtu. Andika hivyo. Mlango ulifunguka wenyewe. Yule bwana alikuwa analia, haoni mbele, akatanguliza mguu. Nikamvuta shati. Yeye akarudi. Mimi nikaenda."

"Nyamaza sasa, usitumie pumzi. Ninaleta watu."

Alishika simu kumpigia fundi wa lifti. Ikaita, ikaita, ikakata. Fundi yule hunywa chai yake kwenye chumba cha pampu, ambako simu haishiki. Kituo akapiga kwa dobi, mlango wa jirani, akasema maneno manne: "Mwiteni fundi. Azime lifti."

Akainua macho.

Skrini ya ghorofa ya chini. Wahudumu wawili wanasukuma machela yenye majeruhi wa basi, wanaingia ndani ya lifti. Mmoja ananyoosha kidole kwenye kitufe cha ghorofa ya tatu, kwenye vyumba vya upasuaji.

Akarukia kipaza sauti. "Lifti! Tokeni kwenye lifti! Msibonyeze!"

Mlango ukajifunga.

"Dada." Miaka miwili redioni hakuwahi kumwita hivyo. "Dada, inatembea."

"Lala chali! Bana mikono kifuani! Usishike kamba yoyote!"

"Mguu mmoja umening'inia pembeni."

"Uvute kwa mkono!"

"Ngoja..."

"Usingoje! Uvute!"

Alisikia chuma kikisaga. Akasikia mdogo wake akilia kwa sauti ambayo hakuisikia tangu alipokuwa na miaka mitano, alipoangukia jiko la mkaa. Kisha kishindo, na mtetemo ukakoma.

"Saba?"

Akaisogeza redio sikioni.

"Mdogo wangu?"

"Nipo," sauti ikasema. "Nimeuvuta."

Lifti ilikuwa imesimama ghorofa ya tatu. Paa lake sasa lilikuwa hatua moja tu chini ya ghorofa ya nne, kwenye mlango ule ule alioangukia. Lakini mtu yeyote akibonyeza kitufe popote, itashuka naye tena.

Kituo akapiga simu ya chumba cha upasuaji.

"Mtoeni huyo majeruhi, na machela nyingine tupu muiweke katikati ya mlango wa lifti. Mlango usifunge."

"Wewe nani unayetuamrisha? Tuna watu wanakufa hapa!"

"Mimi Kituo. Na kuna mtu juu ya kichwa chako."

Yule wa upande wa pili hakuuliza tena. Kituo aliwaona kwenye skrini wakiitupia machela mlangoni kama wanaozuia mafuriko.

Akairudia simu ya kijani. Sista alikuwa bado yuko hewani, anapiga kelele.

"Kituo, huyu mwanamume kalala kifudifudi! Kaingiza mikono shimoni! Anataka kummaliza!"

"Mwache!"

"Nini?"

"Sista, nisikilize. Mwache avute. Na wewe mshike miguu asije akaanguka naye."

Halafu, kupitia redio ya Saba, ikaingia sauti nzito asiyoijua. Alikuwa yule mgane. Yeye ni seremala, mtu wa mabega, na alikuwa amemzika mkewe moyoni tangu alfajiri bila kuonyeshwa mwili.

"Nishike shingo, ndugu yangu. Nishike kama unanikaba."

"Nitakuumiza."

"Niumize."

Wakavutana. Wakahema. Kiatu kikakwaruza chuma. Kisha sauti ya Sista, kwa mbali: "Katoka! Jamani, katoka!"

Kituo aliufunika uso kwa viganja viwili. Kwa mara ya kwanza tangu yowe lile alivuta pumzi mpaka tumboni.

Ungekuwa wewe, msomaji, ungesema Mungu si Athumani, yamekwisha. Naye alidhani hivyo hivyo.

Sajenti, mkuu wa walinzi, alifika kwa ngazi na vijana wawili. Huyu ni mstaafu wa jeshi, mtu wa amri fupi. Alimkuta mlinzi wake chini akiwa na damu mdomoni, na mtu baki kampigia magoti. Sista akasema, "Ndiye huyo." Hakuuliza la pili. Akamfunga Seremala mikono kwa mkanda wake mwenyewe.

"Kituo," sauti ya Saba ikaja, sasa ya chini sana. Walikuwa wanamteremsha kwa machela kwenda ghorofa ya tatu. "Mama asiambiwe na mtu wa nje."

"Hataambiwa na mtu yeyote. Utamwambia mwenyewe, akugombeze."

"Atanigombeza kweli."

"Atakugombeza mpaka jioni."

"Haya."

Mtu akamvua redio begani. Ikazimwa.

Kituo hakuweza kutoka. Sikia hili uelewe kazi yenyewe: akiinuka kwenye kiti kile bila mtu wa kumpokea, hospitali nzima inakuwa kiziwi. Na wa kumpokea alikuwa anaingia saa nane.

Kwa hiyo alikaa. Gari limeziba njia ya ambulensi, akamtuma Mbili. Ndugu wa majeruhi wanagombana mlango wa dharura, akamtuma Nne na Sita. Mama mzee kapotea, anatafuta maabara ya damu na kajikuta jikoni, akamwelekeza kwa simu, taratibu, kona kwa kona, mpaka akafika. "Mungu akupe ndugu wema, mwanangu," yule mama akamwombea.

Akasema, "Amina."

Saa tano na robo simu ya upasuaji ikalia.

Ilikuwa sauti ya muuguzi kijana, imechoka, ya mtu anayesoma kwenye karatasi.

"Kituo, naomba walinzi wawili wa kusindikiza mwili kwenda chumba cha maiti. Kutoka upasuaji namba mbili. Mwanamume, umri kama miaka ishirini na sita."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Mkono ukaandika wenyewe: upasuaji namba mbili, mwanamume.

"Amefariki saa ngapi?"

"Saa tano na dakika nane. Damu ilivujia kifuani, tulimfungua tukakuta hakuna pa kushona. Nadhani ni mmoja wa wenu. Pole, Kituo."

"Asante," alisema. "Ninawatuma."

Akaandika: saa tano na dakika nane.

Akabonyeza redio kubwa. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ile, nyoofu, isiyo na mkunjo, ambayo watu wote pale waliizoea. Yeye mwenyewe aliisikiliza kama ya mtu mwingine.

"Tatu, Tano. Nendeni upasuaji namba mbili. Kusindikiza mwili."

"Tatu amekupata. Jina la marehemu, Kituo?"

Kanuni hiyo. Lazima jina litajwe, walinzi walilinganishe na lile lililofungwa mguuni.

"Kituo? Jina la marehemu?"

"Ni Saba."

Redio yote ikafa. Mlango wa dharura, getini, maegesho, walinzi kumi na moja waliosikia, hakuna aliyebonyeza kitufe. Kisha Tatu akajaribu kusema "nimekupata", na sauti ikamkatikia katikati.

"Tatu," Kituo akasema.

"Ndiyo, Kituo."

"Tumieni ngazi. Msimpitishe kwenye lifti."

Akaachia kitufe. Akaliinamia daftari, paji la uso likagusa karatasi. Wino ulikuwa haujakauka.

Simu ikalia. Akaipokea.

*

Saa tano na nusu mlango wa chumba chake ulifunguliwa bila hodi.

Alikuwa Katibu wa hospitali. Suti ya kijivu, viatu visivyo na sauti, karatasi moja mkononi iliyokwisha kupigwa chapa. Nyuma yake Sajenti, kofia kwapani, macho mekundu.

"Pole sana," Katibu akasema. "Sote tumepata pigo. Polisi wanafika saa sita. Nimekurahisishia, weka saini tu hapa chini."

Kituo akasoma. Mistari mitano. Kwamba yeye, mtuma walinzi wa zamu, alimsikia marehemu kwa redio akisema amesukumwa na mwanamume mmoja mwenye hasira.

"Hakusema hivi."

"Alisema nini?"

"Alisema mlango ulifunguka wenyewe. Alisema niandike kwamba hakusukumwa."

Sajenti akainua kichwa. Katibu hakushtuka hata kidogo.

"Mtu aliyeanguka ghorofa tatu na kugonga kichwa husema mengi. Imerekodiwa?"

"Ilikuwa chaneli ya pili."

"Kwa hiyo haikurekodiwa." Akavuta kiti, akakaa. "Daftari lako liko wapi? La mwezi huu?"

Lilikuwa pale mezani, limefungukia ukurasa wa leo. Katibu akalifunga kwa upole, akalitia kwapani.

"Hili litahifadhiwa ofisini kwangu. Sasa sikiliza. Jina la mama kwenye faili lake na jina la mama kwenye faili lako ni moja. Nimetazama sasa hivi. Ndugu wawili, zamu moja, miaka miwili, mmedanganya hospitali. Na kanuni ni walinzi wawili. Nani alimtuma mmoja?"

Kituo aliitazama ile karatasi.

"Ukisaini, kesi ni ya yule bwana. Usiposaini, polisi watatafuta mwingine. Na mwingine aliyepo ni wewe."

"Mzee," Sajenti akaanza, "kama binti anasema..."

"Sajenti, wewe ndiye uliyemfunga yule mtu mkanda. Au umesahau?"

Sajenti akainamisha kichwa.

"Kuna mtu nje anataka kukuona," Katibu akasema, akafungua mlango. "Nilituma gari limfuate nyumbani. Nimeshamweleza yote alipofika."

Aliyeingia alikuwa Mama.

Kitambaa cha kichwa kimeenda upande. Uzi mweupe umening'inia begani, maana walimtoa kwenye cherehani. Mama huyu ni fundi nguo, na nguo za shule za mtaa mzima zimepita mikononi mwake. Alisimama katikati ya chumba akizungusha macho kwenye zile skrini kana kwamba katika mojawapo atamwona mwanawe anatembea.

Mtu wa nje alikwisha kumwambia.

"Mama." Kituo aliinuka.

"Kaa." Sauti ya Mama ilikuwa kavu. "Huyu bwana kaniambia mwanangu kasukumwa shimoni kama gunia la takataka. Kaniambia aliyemsukuma yuko mlango wa pili, na kinachotakiwa ni saini yako. Kwa nini hujaweka?"

"Si kweli, Mama."

"Weka saini."

"Mama, nilimsikia mwenyewe. Hakusukumwa."

"Basi nani kaniulia mtoto?" Hapo sauti ikapasuka. "Mtoto kaondoka nyumbani asubuhi, kanywa uji, kanitania kwamba miwani yangu imenifanya nifanane na hakimu. Sasa naambiwa yuko kwenye jokofu. Nani? Nitajie!"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katibu alitazama pembeni, kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

Kituo angeweza kunyamaza. Karatasi iko pale, kalamu iko pale, na hakuna chozi la Mama ambalo lingeelekea upande wake.

"Mlango mbovu," alisema. "Niliuandikia mara tatu, hawakuutengeneza. Na mimi."

"Wewe?"

"Kanuni ni watu wawili, Mama. Nilimtuma peke yake. Alisema atakwenda peke yake, nami nikamwambia nenda."

Mama hakupiga yowe. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa cha watu kabla ya kukitia mkasi. Kisha akamgeukia Sajenti.

"Yuko mlango gani huyo mtu?"

"Mama, haifai," Katibu akamzuia kwa mkono. "Polisi watakuja..."

"Nimezaa wawili," Mama akasema. "Mmoja amekufa, na huyu aliyebaki sijui hata nimfanye nini. Nipishe, baba."

Akampisha.

Chumba cha pili ni stoo ndogo ya walinzi: makoti ya mvua, tochi, benchi moja. Seremala alikuwa ameketi, mikono imefungwa mbele, kichwa kimeinama. Viganja vilikuwa vimechubuka kwa kamba za chuma. Alipomwona Mama akajua mara moja ni nani. Akateremka kwenye benchi, akapiga magoti.

"Simama," Mama akasema. "Simama, nigeukie mgongo."

Kituo alikuwa mlangoni, sikio moja kwenye simu zake. Hakuelewa. Sajenti naye hakuelewa. Seremala akasimama, akageuka.

Shati lake lilikuwa limechanika nyuma, kutoka kola kushuka hadi kati ya mabega. Mama akavaa miwani. Akaushika ule mchano kwa vidole viwili, akaufuata taratibu, nyuzi kwa nyuzi, akageuza upande wa ndani, akautazama tena.

"Kola imetoka na mshono wake," alisema, kama anayezungumza peke yake. "Nyuzi zote zimelala nyuma." Akainua macho kwa Katibu. "Miaka thelathini ninashona nguo za watoto waliopigana. Anayesukuma huchanwa kifuani, kwa sababu mwenzake hujishikiza hapo. Huyu kavutwa kwa nyuma. Kavutwa na mtu mwenye nguvu, kwa nguvu zote."

Katibu akafungua mdomo.

"Mwanangu ndiye aliyemvuta," Mama akasema. Na hapo, msomaji wangu, ndipo alipolia. Alilia huku kaushika ule mchano wa shati la mtu asiyemjua, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho ambacho mkono wa mwanawe ulikishika kabla ya kuanguka. Seremala akawa analia naye, amempa mgongo, anaogopa kujisogeza asije akamnyang'anya.

Sajenti aliingia katikati yao bila kusema neno, akaufungua ule mkanda mikononi mwa Seremala. Akauviringisha, akautia mfukoni. Hakumtazama Katibu.

"Nisamehe, mama," Seremala akasema. "Ningelijua, ningejiachia niende mwenyewe. Mke wangu kaenda, mtoto kaenda naye tumboni. Mimi nilikuwa nabaki kwa ajili ya nani?"

"Usiseme hivyo. Mwenzio kalipa." Mama akajifuta kwa ncha ya kitambaa. "Niambie jambo moja. Alikwambia nini kabla? Maneno yake ya mwisho mwisho akiwa mzima."

"Hakunifokea. Wote walikuwa wananifokea. Alikaa na mimi pale sakafuni, kanishika bega. Akasema nisimame naye kidogo, kisha atanipeleka mwenyewe nikamwone mke wangu, hata kama atafukuzwa kazi. Akasema ananielewa kuliko ninavyodhani, kwa sababu na yeye hajalala. Mke wake yuko mle ndani, kwenye chumba cha kujifungulia, tangu alfajiri."

Mama akavua miwani.

"Mke wa nani?" Mama akauliza.

"Wake. Wa yule kijana."

"Mwanangu hana mke."

Mama akamgeukia Kituo. Kituo akatikisa kichwa. Miaka miwili walikuwa wanatunza siri moja pamoja, kumbe mwenzake alikuwa na ya pili, na hiyo aliibeba peke yake.

Simu ya kijani ikalia.

Alikimbia. Aliipokea kwa pumzi moja, na sauti aliyoikuta si ya yule Sista wa mlangoni. Ilikuwa ya mkunga, mchangamfu, mtu aliyejifungia kazini tangu asubuhi na asiyejua lililotokea nje ya milango yake.

"Kituo, mambo! Chumba cha kujifungulia hapa. Nina binti kitanda cha tisa, kajifungua sasa hivi, mtoto wa kike, mzima kabisa, makelele tu. Anamwulizia mlinzi wenu mmoja, Saba. Anasema alimwahidi atakuwa mlangoni akimsikia mtoto analia. Hebu mwite kwa redio aje amwone mwanawe."

Kituo alifungua mdomo. Sauti ile nyoofu iliyokuwa haijamwangusha siku nzima, safari hii ilikataa kutoka.

"Kituo? Unanisikia? Binti yuko hapa hapa, ananyoosha mkono. Subiri, nampa aongee nawe mwenyewe."

Simu ikakwaruza, ikihama mkono. Upande wa pili mtoto mchanga alikuwa analia, na juu ya kilio hicho sauti ya msichana, imechoka, ina furaha: "Halo? Dada Kituo? Yeye hunisimulia habari zako kila siku..."

Kituo aligeuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kabisa, na kila neno alikuwa amelisikia.

Akanyoosha mkono wenye uzi mweupe.

"Nipe hiyo simu," alisema.